Zamu ya Mtambo na Pua ya Bibi

S.L.P. 218,
Nyumbani,
Jumapili, tarehe 21 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo huko uliko, na mgongo wako je? Katika barua yako ya mwisho ulisema kiti cha karakana ya miwani kinakuumiza ukikikalia kutwa, nami tangu siku hiyo nakifikiria hicho kiti kana kwamba ni mtu mwenye roho mbaya. Natumaini wamekubadilishia. Sisi huku tu wazima. Mama hajambo. Baba hajambo, isipokuwa kidole gumba alichokiponda kwa nyundo na ambacho hataki kiulizwe habari zake. Bibi naye hajambo kwa namna ambayo itabidi niieleze polepole, maana ndiyo iliyofanya barua hii iwe ndefu.

Ile lenzi uliyonitumia ilifika salama. Umesema ina ufa ukingoni na hakuna mteja atakayeikubali. Mimi nimeikubali kwa mikono miwili. Nimeitia kwenye kifuko cha kitambaa nilichokishona mwenyewe, na kila anayetaka kuitazamia kitu lazima kwanza anawe mikono, hata Baba.

Shuleni nimekuwa wa sita. Hesabu zimenishusha, sayansi imenipandisha. Najua utauliza hesabu zilikuwaje, kwa hiyo nasema mapema kwamba ilikuwa sehemu ya uwiano, na kwamba sasa naielewa, ingawa mtihani umekwisha pita.

Sasa nije kwenye shamba lako la mrihani. Nisamehe kwa kutokuandika miezi miwili. Sikuwa na habari nzuri, na sikutaka kukutumia mbaya wakati uko mbali na huwezi kufanya lolote zaidi ya kukosa usingizi.

Tangu uondoke, Bwana Tone ameweka sheria mpya kwenye banda la mtambo, anamotuchemshia majani kutoa mafuta. Familia zinazolima majani ya harufu zimeongezeka na mtambo ni ule ule mmoja, kwa hiyo amepiga mstari kwa rangi nyekundu ya kucha kwenye chupa ya kupokelea mafuta. Familia ikileta mizigo mitatu mfululizo na mafuta yasifike kwenye mstari, zamu yake anapewa mwingine. Hakuna ugomvi, hakuna rufaa. Sisi tulikwisha kosa mara mbili. Mzigo wa tatu ulikuwa wa wiki hii.

Baba alikuwa amesema wazi kwamba tukipoteza zamu atang'oa mrihani na kupanda viazi, kwa sababu mrihani usio na mtambo ni mapambo tu. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi nilikuwa nikikumbuka ulivyoandika kwamba mkataba wako unaisha Desemba, na kwamba unataka kurudi kwenye kazi yako mwenyewe. Nilijua ukirudi ukakuta viazi, utakaa wiki mbili, utavisifia viazi, kisha utaaga.

Mzigo wa kwanza tuliuharibu kwa mapenzi. Ulituomba tulitunze shamba kama mtoto, nasi tukalidekeza. Baba alimwaga samadi kila wiki, na mimi nikitoka shule nilikuwa namwagilia mpaka udongo unateleza. Shangazi, ungeona mrihani ule. Ulinifika kifuani, majani mapana kama kiganja, kijani kibichi cha kung'aa. Watu walikuwa wakisimama njiani kuutazama. Tukaupeleka mtamboni tukitembea kama watu wanaopeleka bibi harusi. Bwana Tone akauchemsha saa mbili nzima, akaitazama chupa, akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "Mmeniletea maji yaliyovaa majani."

Hapo ndipo lenzi yako ilipoingia kazini. Mwalimu wa sayansi alinionyesha namna ya kutazama. Ukilikunja jani la mrihani na kulishika kwenye mwanga, unaona vifuko vidogo sana, vya manjano iliyopauka, vinang'aa kama matone ya jasho. Mafuta yote yamo humo. Ndiyo maana ukipitisha mkono tu harufu inatoka, kwa sababu umevipasua. Nililinganisha jani la katikati ya shamba, lile lililoshiba samadi na maji, na jani la mmea mmoja ulioota wenyewe kando ya njia ambako mpira wa maji haufiki. La katikati lilikuwa kubwa, lakini vifuko vyake vimetawanyika kama viti baada ya mkutano. La njiani lilikuwa dogo na gumu, na vifuko vimebanana mpaka nikashindwa kuvihesabu.

Mwalimu alinieleza kwamba mmea hautengenezi harufu kwa ajili yetu. Unajitengenezea wenyewe, kwa ajili ya wadudu na jua kali. Ukiunywesha na kuulisha kupita kiasi, unanenepa majani na mafuta hayaongezeki kwa kasi hiyo. Nilipomweleza Baba, alifikiri kidogo akasema, "Kwa hiyo nimebeba samadi mgongoni mwezi mzima ili niwape wadudu raha." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo tukapunguza maji, na samadi tukaacha kabisa.

Mzigo wa pili ndio ulionishangaza, kwa sababu safari hii mrihani ulikuwa mzuri kweli. Ulianza kutoa maua, na mimi nikaandika kwenye daftari uliloniachia: maua yameanza. Baada ya siku chache nikaandika: maua yamejaa. Lakini unavyojua, hakuna anayegusa mundu mpaka Bibi, mnusaji wetu, afikiche jani, alinuse na kutoa neno. Kila asubuhi nilimpelekea jani. Kila asubuhi alifumba macho, akanusa, akasema, "Bado. Harufu iko mbali."

Tulingoja wiki mbili. Vishada vikakauka kuanzia chini, mbegu nyeusi zikaanza kudondoka ukivitikisa, na Bibi bado anasema harufu iko mbali. Mwishoni Baba alimsihi, naye akakubali kwa shingo upande. Mafuta yalikuwa machache kuliko mara ya kwanza. Bwana Tone aliokota kishada kimoja sakafuni, akakipukuchua kiganjani, akaniuliza mimi badala ya kumuuliza Bibi, "Hizi mbegu mlikuwa mnazingojea za nini?" Bibi alikuwa amesimama nyuma yangu, na sikugeuka.

Kuanzia hapo nilifanya utafiti wangu mdogo. Nilichuma majani ya mmea ule ule kwa siku moja, mara nne: alfajiri yakiwa na umande, saa tatu asubuhi umande ulipokauka, saa saba mchana, na jioni. Niliyatia kwenye chupa nne za jemu zenye vifuniko, nikazipa namba chini ambako hazionekani. Baba na Mama walinusa wakiwa wamefumba macho, na wote wawili, bila kusikilizana, walichagua ile ya saa tatu. Ya saa saba Mama alisema ni kama mtu aliyekwisha ondoka chumbani. Bibi alizinusa zote nne akasema, "Zote sawa tu, mke mwenzangu." Nikadhani amechoka na michezo yangu. Nilikuwa mjinga, Shangazi. Jibu lilikuwa pale mbele yangu nikaliandika kwenye daftari kama kosa la mpimaji.

Nifike wiki hii. Jumatatu, Bibi mwenyewe alikwenda bandani akamwambia Bwana Tone kwamba tutaleta mzigo Alhamisi, zamu yetu ya kawaida. Alikuwa ameona maua yamejaa na hakutaka kulaumiwa tena kwa kuchelewesha. Neno la mnusaji likishatolewa Bwana Tone huliandika kwenye ubao kwa chaki, na halifutwi.

Jumanne mchana ikanyesha. Haikuwa manyunyu. Ilinyesha kuanzia saa sita mpaka saa kumi, mrihani ukalala chini. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika maneno ya mwalimu: mvua ikinyesha, ngojeni siku mbili tatu za jua kabla ya kukata, maana mmea umejaa maji na harufu imepungua. Sisi tulikuwa na Jumatano tu.

Nilikuwa jikoni nikimtwangia Mama vitunguu saumu. Mvua ilipokatika nilikimbia shambani vilevile, mikono haijanawa, nikachuma jani, nikalifikicha na kumkimbilia Bibi aliyekuwa amekaa mlangoni akichambua maharage. Nikamwambia, "Bibi, hebu sikia, mvua imeharibu?"

Aliishika mikono yangu yote miwili, akaileta puani, akafumba macho kama kawaida. Shangazi, mikono ile ilikuwa inanuka kitunguu saumu kiasi kwamba mimi mwenyewe macho yalikuwa yananiwasha. Huyu ndiye Bibi aliyewahi kuurudisha mzigo mzima kutoka njiani kwa sababu gunia liliwahi kubeba vitunguu. Alinusa kwa utulivu, akaniachia, akasema, "Imekolea vizuri. Alhamisi hiyo hiyo."

Nilirudi jikoni. Nilitwanga vile vitunguu mpaka vikawa uji. Nilifikiri ninyamaze, kwa kuwa kumwambia mtu mzima jambo kama hilo ni kama kumvua kilemba. Halafu nikafikiri kwamba nikinyamaza, Alhamisi itamvua mbele ya watu wote. Nikanawa mikono kwa sabuni mara mbili, nikaenda nikakaa karibu naye na kuanza kuchambua maharage. Baada ya muda nikasema, "Bibi, mikono yangu ilikuwa na kitunguu saumu."

Hakushtuka. Aliendelea kuchambua. Kisha akasema, "Tangu ile homa ya mwezi wa nne. Hata sabuni siisikii. Chai ni maji ya moto tu."

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Nilidhani itarudi. Kila asubuhi ulikuwa ukiniletea jani, na mimi nangoja. Sikuwa nawadanganya. Nilikuwa nasema harufu iko mbali, na kweli ilikuwa mbali." Kisha akaongeza, sauti ikiwa chini, "Na nisipokuwa pua, mimi ni nani katika shamba hili? Mzee wa kuchambua maharage."

Nilimwambia kwamba maharage yenyewe anayachambua vibaya, kuna mawe matatu kwenye ungo. Akacheka, akanipiga na kanga begani. Nilifurahi kwamba alicheka, kwa maana baada ya hapo machozi yalinitoka na yeye akajifanya hayaoni.

Kisha tukazungumza kama watu wa kazi. Nilimsomea daftari lote, tangu vifuko mpaka zile chupa nne, na nilipofika mahali nilipoandika kosa la mpimaji akaniambia nisifute. Alinieleza mambo ambayo sikuyasikia shuleni: jani lililoiva kwa mafuta hushika vidole kidogo ukilifikicha na kuviachanisha, nyuki wakiwa wengi kwenye vishada saa za asubuhi, ndiyo siku, na ua la chini kabisa kwenye kishada likianza tu kuwa na rangi ya kahawia, usingoje la pili. Nilimuuliza kwa nini hakutumia hayo kwenye mzigo wa pili. Akasema, "Niliyaona yote. Lakini miaka yote hii watu wananiamini kwa pua, na mimi nikajiamini kwa pua hiyo hiyo."

Tatizo likabaki Alhamisi. Kubadilishana zamu kunaruhusiwa, mradi mnusaji hajatoa neno. Sisi neno lilikwisha andikwa. Nilisema Baba aende akaseme mvua imetuharibia. Bibi akasema Bwana Tone atajibu kwamba mvua huwanyeshea wote, na mnusaji mwenye pua yake angeisikia inakuja. Halafu akaniambia nimletee viatu vyake vya kutokea, nivifute, kesho asubuhi tunakwenda.

Niliomba ruhusa shuleni nichelewe Jumatano. Tulikuta watu saba au wanane bandani, pamoja na yule jirani yetu anayelima rozimari. Bibi aliingia, akasalimia, akaomba neno lake lifutwe ubaoni. Bwana Tone alikuwa anafunga bomba. Akasema bila kugeuka, "Mama, unajua utaratibu. Neno la pua halirudi."

Bibi akasema, "Ndiyo maana nataka ulifute. Halikuwa la pua. Pua yangu imekufa tangu mwezi wa nne. Neno la Jumatatu lilikuwa la aibu."

Shangazi, banda lile huwa halinyamazi, mvuke unavuma na maji yanadondoka, lakini niliweza kusikia mtu mmoja akimeza mate. Bwana Tone aligeuka. Aliweka spana chini. Alimtazama Bibi, siyo kwa dharau, akauliza, "Na mzigo wa pili?" Bibi akajibu, "Na mzigo wa pili."

"Sasa nani anasema kwa niaba ya shamba lenu?"

Bibi alinishika bega akasema, "Huyu ana pua na kioo. Mimi nina vidole. Tutasema pamoja."

Mtu mmoja nyuma akanong'ona kwamba mtambo sasa unaongozwa na chekechea. Yule jirani wa rozimari akamjibu bila kupandisha sauti, "Chekechea hao wamekutangulia, maana wewe hata kunawa mikono hujaanza." Kisha akamwambia Bwana Tone kwamba rozimari yake ilikatwa Jumapili kabla ya mvua na imeanikwa kwenye chanja kivulini, inaweza kuingia mtamboni siku yoyote. Yeye achukue Alhamisi, sisi tuchukue Jumamosi yake. Bwana Tone alifikiri mpaka nikaanza kuhesabu matone ya bomba. Halafu akachukua kitambaa, akafuta ubao.

Jua liliwaka Jumatano alasiri, Alhamisi na Ijumaa. Kila nilipotoka shule nilikwenda kutazama na lenzi, na Bibi alikuwa akifikicha. Ijumaa vidole vyake vilishikana akanionyesha bila kusema. Baba alikuwa ameambiwa yote Jumanne ile ile. Alichouliza ni kimoja tu, "Mama, kwa nini hukuniambia mimi?" Bibi akamjibu, "Ungepanda viazi kabla sijamaliza sentensi." Baba hakukana.

Jana Jumamosi tulianza kukata saa tatu, umande ulipokauka. Nyuki walikuwa wengi mpaka Mama akajifunga kitenge kichwani. Tulikata juu, tukaacha shina lenye majani ili uchipue tena, na tulibeba kwa matenga bila kushindilia, kwa sababu majani yakilundikwa yanapata joto na kuharibika kabla ya kufika. Mzigo ulikuwa mdogo kuliko ule wa kwanza, karibu nusu yake. Nilipouona kwenye sufuria la mtambo moyo ulinishuka.

Mvuke ulipanda. Maji yalianza kutoka bombani, na juu ya maji ule utando mwembamba wa mafuta, rangi ya majani makavu. Ilipofika saa moja na nusu ya kuchemsha, mafuta yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole, na matone yalikuwa yanazidi kuchelewa. Baba alitoka nje. Mama alikuwa amenishika mkono bila kujua kwamba anauminya. Nilitazama mstari ule mwekundu mpaka nikauona hata nikifumba macho.

Mafuta yaliufikia mstari dakika kumi kabla ya mwisho, na yalipita. Siyo sana, Shangazi, nisikudanganye. Unene wa sarafu. Bwana Tone aliinama, akatazama kwa usawa wa jicho upande mmoja, akazunguka akatazama upande wa pili, kisha akachukua chaki na kuandika zamu yetu ya Oktoba. Hakutupongeza. Alisema tu, "Alhamisi, kama kawaida," akaenda kuosha sufuria. Nilipomfuata Baba nje kumwambia, alikuwa anakitazama kile kidole chake kilichopondeka kama mtu aliyepewa kazi ya kukilinda.

Bibi alichovya ncha ya kidole kwenye mafuta, akajipaka kifundo cha mkono. Akanusa kidogo, akautoa mkono kwangu akasema, "Niambie." Nilinusa. Nilimwambia mwanzo ni kali, kama unapofungua mlango na baridi ikaingia. Kisha kuna utamu, lakini siyo wa sukari, ni kama wa mti uliochanwa sasa hivi. Mwishoni inabaki kitu kama pilipili kwa mbali. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza kama mtu anayesomewa barua. Nilipomaliza akasema, "Ndiyo yenyewe."

Mwalimu anasema wako watu waliopoteza harufu kwa homa na ikarudi baada ya miezi, na wako ambao haikurudi. Mama atampeleka zahanati Jumatano. Bibi amekubali, ila kwa sharti kwamba mimi nisimsindikize, nisije nikaandika kwenye daftari. Barua hii ameisikia yote. Mwanzoni hakutaka niandike habari za bandani, baadaye akasema niandike, lakini maneno yake yawe kama alivyoyasema. Ndivyo nilivyofanya.

Shangazi, sikuulizi kama utarudi Desemba. Nakuambia tu kwamba mrihani umeachwa na majani ya kutosha, utachipua, na kwa hesabu yangu, tukishakata ule wa Oktoba, maua mapya yatajaa tena wiki ya pili ya Desemba hiyo. Uwiano wangu safari hii nimeupiga mara mbili.

Baba anakusalimu, anasema hajapanda viazi. Mama anakusalimu na anauliza kama ulipata ile sweta. Jirani wa rozimari anakusalimu sana. Bwana Tone hakutuma salamu, lakini aliuliza unarudi lini, na kwake hiyo ni salamu ndefu. Bibi anasema Mungu akulinde macho yako unayolindia ya wenzako, akupe kazi nyepesi na njia nyoofu ya kurudia kwenu. Nami nasema amina.

Nimedondosha tone moja la mafuta kwenye kona ya ukurasa huu, chini kulia. Sijui kama litafika na harufu yake. Ukifungua bahasha usisikie kitu, niandikie hivyo hivyo, usinifiche.

Mwanao akupendaye,
mwenye daftari lako.